Mkono Wangu Mgongoni Mwako

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zetu sote, za mikono miwili. Naomba karatasi hii ikufikie ukiwa mzima, wewe na wifi yangu, pamoja na wale watundu wawili ambao kwenye picha ya mwisho walikuwa wameshakupita kiuno. Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamkaza asubuhi, lakini mdomo wake haujawahi kuugua hata siku moja. Shemeji yako yupo na majokofu yake, kila jioni anarudi ananuka gesi. Mpwa wako Chiriku ameng'oka meno mawili ya mbele na kelele zimezidi, ila sasa maneno yanatoka yakipiga mluzi. Mimi bado nipo kule kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka asubuhi, mashuka jioni.

Najua umeninunia kwa kimya changu, na una haki. Ujumbe wako wa simu niliupata, na wa pili niliupata, nikakujibu kwa maneno matatu kama mtu anayekimbia mvua. Lakini haya niliyonayo hayaandikiki kwa kidole gumba. Leo Jumapili nimewaambia wote watoke, nimekaa kwenye meza ya chakula, nimechana karatasi katikati ya daftari. Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea: isome mwenyewe mpaka mwisho, ndipo umpe wifi.

Mambo yalianzia kwenye daftari la imla. Chiriku alirudi nalo akiwa amelificha chini ya sweta. Alipata tatu kati ya ishirini. Mwalimu alikuwa amesoma "pamba", yeye kaandika "mamba". Mwalimu "baba", yeye "mama". Mwalimu "bibi", yeye "pipi". Bibi yake alipoona amegeuzwa pipi alicheka hadi akashika mbavu. Mimi sikucheka. Simama mbele ya kioo, mdogo wangu, uyatamke maneno hayo bila sauti. Midomo ni ile ile. Mwanangu hakuwa anaandika anachosikia. Alikuwa anaandika anachokiona.

Nilikwenda shuleni. Mwalimu wake si mtu mbaya, ana watoto sitini na sauti imeshamkauka. Aliniambia kwamba mtoto ni mchangamfu lakini hatulii, anaongea wakati wa somo na akiitwa haitiki, ndiyo maana amemhamishia nyuma kabisa, karibu na mlango. Nyuma kabisa! Asiyesikia mbele, huko nyuma ataona nini? Hapo ndipo nilipoelewa hata hayo maneno yake yasiyoisha ambayo sote tulikuwa tunayachekea. Mtu anayeongea yeye haulizwi kitu.

Shemeji yako hakutaka kuamini. Alisimama nyuma ya binti yake aliyekuwa anachora, akatikisa kopo la skrubu upande wa kulia. Kimya. Akalitikisa kwa nguvu, kifuniko kikafyatuka, skrubu zikamwagika sakafuni kama mvua ya mawe. Mtoto aliendelea kupaka rangi paa la nyumba yake. Mwenzangu akakaa chini pale pale katikati ya skrubu. Mimi sikushangaa, na hilo ndilo lingepaswa kunishtua.

Kwa kuwa nipo hospitali, nilimvizia mtaalamu wa masikio kwenye korido nikiwa na kapu la mashuka kichwani, akanipa nafasi wiki ile ile. Alimweka Chiriku kwenye kichumba kidogo kisichoingia sauti, akamvalisha vitu masikioni, na baada ya nusu saa akatuonyesha mstari unaoshuka kwenye karatasi. Sikio la kulia karibu halifanyi kazi. La kushoto nusu. Alisema anahitaji kifaa cha kusikia, kiti cha mbele, na mwalimu wa elimu maalumu wa kumfuata darasani angalau mara mbili kwa wiki. Vyote hivyo, alisema, hutolewa na ofisi ya elimu, na tusichelewe, maana barua yake hudumu siku tisini tu.

Siku tisini nilidhani ni nyingi.

Ofisini kuna madirisha manne, matatu yamefungwa. Kwenye lililo wazi anakaa karani ambaye watu wa foleni wamembatiza Bwana Kesho. Si mkali, wala si mlevi, wala haombi kitu. Anakusikiliza kwa upole kabisa halafu anakwambia uje kesho. Alitupa fomu yenye kurasa tisa na kutuambia lazima iwe na mhuri wa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akasema hawezi kugonga mhuri mpaka ofisi ifanye tathmini. Bwana Kesho akasema ofisi haiwezi kufanya tathmini kwa fomu isiyo na mhuri. Nilikwenda na kurudi kati ya milango hiyo miwili mpaka msimamizi wangu kazini akaanza kunihesabia ruhusa kwa vidole, na vidole vikaisha. Usingizi ukaniruka. Nilikuwa nikifua mashuka nahesabu: zimebaki sitini na moja, zimebaki hamsini na nne, zimebaki arobaini. Chiriku akiniuliza lini atarudi kukaa mbele na rafiki yake, nilikuwa najifanya natafuta kitu kabatini.

Siku moja shemeji yako akasema inatosha, twende wote, na leo hatutoki. Akaja na sanduku lake la vifaa kwa sababu alikuwa na kazi mchana. Tulikaa kwenye benchi saa tatu nzima. Ndani ya ofisi ile kuna jokofu la maji ya kunywa lililokuwa linakoroma kama mzee aliyelala chali. Unamjua mwenzangu, jokofu likiugua mbele yake ni kama mtoto analia. Alivumilia, akavumilia, mwisho akainuka, akazunguka kaunta bila kuomba ruhusa, akalivuta kutoka ukutani na kuanza kulifungua. Bwana Kesho alisimama mdomo wazi. Baada ya dakika ishirini jokofu lilinyamaza, na katika ukimya ule karani akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, jina la mtoto wetu ni nani vile. Fomu ikapigiwa simu hadi shuleni, mhuri ukapatikana siku ile ile. Njiani tuligombana. Mimi nilisema tumetoa hongo. Yeye akasema hongo ni kitu unachopewa, si kelele unayoondolewa. Hadi leo hatujaafikiana.

Zikiwa zimebaki siku kumi na moja, barua ya wito ikaja. Niliisoma nimesimama mlangoni. Ilisema mtoto atapimwa na afisa wa elimu maalumu pamoja na muuguzi, na uamuzi utakuwa mmoja kati ya matatu: asaidiwe shuleni kwake, au aonekane hahitaji msaada, au ahamishiwe shule ya bweni ya viziwi. Mdogo wangu, macho yangu yaliruka yale mawili ya kwanza na kukwama kwenye bweni. Shule yenyewe ni mwendo wa siku nzima kwa basi. Mtoto wa miaka saba, anayelala bado ameshika sikio la bibi yake.

Mama alinitaka nimsomee mara mbili. Hakupiga kelele kama kawaida yake. Alikunja ile barua vizuri, akanirudishia, na kusema kwa sauti ndogo: "Watamchukua. Wewe unajua la kufanya." Nilimjibu kwa ukali kwamba sijui anazungumzia nini. Lakini nilijua. Siku zote zilizofuata nilikuwa nawaambia watu nina hofu ya tathmini, na ni kweli, ila hofu yenyewe ilikuwa na vichwa viwili. Niliogopa wasimsaidie. Na niliogopa zaidi wamsaidie kwa kumpeleka mbali.

Siku ilipofika tulimvalisha sare iliyopigwa pasi, nikamsuka nywele mpaka akalalamika. Tathmini ilifanyika kwenye darasa lililo tupu, viti vidogo, ubao una hesabu za jana. Afisa ni mama wa makamo, ana miwani ya kamba na uso uliochoka. Yeye ni mmoja tu kwa shule zote za eneo letu. Alituomba radhi kwamba mashine yao ya kupimia imeharibika na karatasi ya matengenezo inasubiri sahihi, kwa hiyo angetumia njia ya zamani: muuguzi asimame nyuma, apige kengele ndogo, agonge vijiti, anong'one maneno, na mtoto ainue mkono wa upande anaosikia, au arudie neno alilosikia. Chiriku aliniganda. Afisa akaniruhusu nikae kwenye kiti nyuma ya mtoto, mbele ya muuguzi, ili atulie. Shemeji yako alibaki mlangoni.

Niliweka kiganja mgongoni mwake kumtuliza. Naapa kwamba nilikiweka kwa nia hiyo tu. Kengele ikalia kulia, kwenye lile sikio lililokufa, na mwanangu akakaa tuli akimtazama afisa kwa tabasamu la mapengo. Nilimwona afisa anateremsha kalamu. Kidole changu kikabonyeza upande wa kulia. Chiriku, ambaye si mjinga hata kidogo, akainua mkono wa kulia. Vijiti kushoto, nikabonyeza kushoto. Kengele kulia, nikabonyeza kulia. Hakukosea hata moja. Hata yale maneno ya kunong'ona niliyachora herufi za mwanzo kwa ukucha juu ya sare yake, akabahatisha matatu kati ya matano. Jasho jembamba lilikuwa linanitiririka, na wakati huo huo, nakwambia ukweli wote, moyoni nilisikia raha. Anafaulu, nilijisemea. Anafaulu.

Afisa alivua miwani, akatazama barua ya hospitali, akamtazama mtoto. Akasema huenda vipimo vya hospitali vilikosewa, maana mtoto huyu anasikia vizuri kuliko yeye mwenyewe. Akaandika, akafunga faili. Hahitaji msaada. Akatupongeza.

Tulitoka nje. Shemeji yako alikuwa kama mtu aliyepigwa na kitu kizito, hajui afurahi au alie. Alimpigia magoti binti yake, akamshika mashavu ili amsome midomo, akamuuliza alisikiaje ile kengele. Chiriku akajibu kwa mluzi wake kwamba hakusikia kengele yoyote, mama ndiye aliyekuwa anambonyeza. Akaongeza kwamba ni mchezo mzuri.

Mwenzangu hakunifokea. Laiti angefoka. Aliniuliza tu, "Kwa nini?" Na mimi niliyekuwa nimehesabu siku themanini na tano, niliyebeba mafaili kama mimba, nikageuzia macho kwa mtoto. Alikuwa anaruka kamba ya kufikirika mbele yangu, na kesho atarudi kukaa karibu na mlango, na safari hii kutakuwa na karatasi ya serikali inayosema kosa ni lake.

Niligeuka nikarudi ndani. Afisa alikuwa anaingiza faili kwenye mkoba. Nikamwambia yote, nimesimama, mikono nimeifumbata kama mwanafunzi. Hasira ikampanda. Alisema kuna wazazi wanaolala kwenye ngazi za ofisi yake wakiomba nafasi hiyo niliyotaka kuitupa. Alisema, "Mama, mimi nikiandika mtoto anasikia, hakuna dirisha la kwenda kulifuta." Nikamwambia najua. Akauliza najuaje. Akauliza pia, na hapa sauti yake ilibadilika, ni wapi nilipojifunza kubonyeza vizuri namna ile, maana yeye amefanya kazi hii miaka kumi na tisa na hakuona kitu.

Nilimjibu yeye kabla yako, na kwa hilo nakuomba radhi. Sasa nakujibu wewe.

Nilijifunza kwako.

Ulikuwa na miaka sita, mimi kumi na miwili. Baba tulikuwa tumemzika miezi minne nyuma. Muuguzi alikuja shuleni kupima macho na masikio ya darasa la kwanza, na mwalimu alikuwa ameshamdokeza mama kwamba wewe huenda husikii. Mama alikuwa anajua. Mimi pia. Tangu unatambaa ulikuwa ukiitwa kutoka kulia unageukia kushoto. Lakini mtoto wa jirani yetu alikuwa amepelekwa bweni la viziwi, na aliporudi likizo alimkimbia mama yake kama mgeni. Mama alikuwa amepoteza mtu mmoja mwaka ule, wa pili asingeweza. Akanivuta kando, akaniambia nikae nyuma yako nikusaidie, la sivyo watakuchukua. Nikakaa. Kengele ikilia kulia, nakubonyeza kulia. Ikilia kushoto, nakubonyeza kushoto. Ulikuwa unacheka, ulidhani ni mchezo, na jioni uliniomba tuucheze tena. Labda unaukumbuka. Ulifaulu yote. Muuguzi akaandika kwamba unasikia vizuri, mama akanikumbatia, na mimi nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Kisha yakaja yale unayoyajua wewe kuliko mimi. Ukachapwa kwa kutoitika. Ukaitwa Gogo, hata na sisi nyumbani. Ukarudia darasa la tatu, ukalirudia tena, na ukaacha shule darasa la sita ukisema kichwa chako hakishiki kitu. Mpaka leo unajitania kwamba akili zote za tumbo lile nilizichukua mimi. Na mwaka jana uliponiambia mashine za kupiga chapa kazini kwako zimekuharibia masikio, nikakwambia uweke pamba. Mdogo wangu, si mashine. Mashine zilikuta kazi imeshaisha. Na kichwa chako hakijawahi kuwa kizito hata siku moja. Ulikuwa husikii, na mimi ndiye niliyewaambia kwamba unasikia.

Sitajificha nyuma ya mama. Aliniomba mara moja tu, siku ile. Miaka ishirini na minane iliyofuata nilinyamaza kwa hiari yangu. Mwanzoni niliogopa mama asije akapata matatizo, halafu niliogopa usije ukanichukia, halafu ikawa tu ni kitu nisichokisema, kama chumba ndani ya nyumba ambacho hamkiingii.

Afisa alinisikiliza hadi mwisho bila kuandika. Akatoa faili mkobani, akachana ile karatasi vipande vinne, na kumwambia muuguzi arudishe kengele. Mimi akanitoa nje. Nilikaa kwenye benchi la korido na mlango umefungwa, na hiyo, mdogo wangu, ndiyo iliyokuwa nusu saa ndefu kuliko siku zote tisini. Niliisikia kengele inalia kulia. Nikangoja. Ikalia tena. Nikajua kule ndani mwanangu amekaa tu anatabasamu, na hakuna mtu wa kumwambia. Nikakalia mikono yangu.

Majibu yalikuja Alhamisi iliyopita. Chiriku anabaki shuleni kwake. Mwalimu wa elimu maalumu atamfuata Jumatatu na Jumatano, na ameshakuja mara moja, mwanamke mrefu anayeongea kwa mikono. Chiriku amerudi anaiga, hata chumvi anaiomba kwa vidole. Kiti chake kimerudi mbele. Kifaa cha sikio la kushoto kimeandikwa kwenye orodha, tumeambiwa tungoje, na kungoja tumezoea. Chini kabisa ya barua afisa ameandika kwa mkono kwamba mama wa mtoto asiwepo chumbani wakati wa tathmini zijazo. Shemeji yako alitaka tulalamike. Nimemkataza. Neno hilo ni halali yangu.

Juzi nilimuuliza mtaalamu wa masikio kama mtu mzima wa miaka thelathini na minne bado anaweza kusaidiwa. Alisema ndiyo, bila hata kufikiri, kana kwamba nimemuuliza kama maji yanalowesha. Ameandika jina lako kwenye kitabu chake, Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao, saa nne. Sikulazimishi. Ukiamua kukasirika, kasirika mpaka uishe, una haki ya miaka yote hiyo. Ukitaka kunyamaza, nitaungoja ukimya wako pia. Lakini ukija, shemeji yako atakupokea kituoni na kukupeleka mpaka mlangoni. Mimi sitaingia.

Msalimie sana wifi, umwambie kitambaa chake nimeshakipata. Wabusu watoto, kila mmoja kwenye sikio, waache wakimbie wakipiga kelele. Chiriku anasema mjomba asipokuja atamwandikia yeye mwenyewe, na tumemwambia aandike "mjomba" bila kukosea kwanza. Mama nimemwambia kwamba nakuandikia, na ninakuandikia nini. Alikaa siku nzima bila kusema neno, jambo ambalo nyumba hii haijawahi kuliona. Nilipomuuliza kama ana salamu za kuongeza hapa chini, alisema lake hawezi kulipitisha kwenye karatasi. Atakuambia mwenyewe, amesema, na atakaa upande wako wa kushoto.

Ni mimi dada yako,
Mama Chiriku